Chuma Alichokiagiza Zawadi

Mikaeli Nandonde, fundi wa kuchomelea vyuma pale Rahaleo mjini Mtwara, ndiye aliyeitoa siri, na aliitoa bila kujua kwamba ni siri. Hemedi Likwena alikuwa ametoka Madimba asubuhi ile kuja mjini kutafuta mpira wa kupitishia mafuta kwenye mashine ya boti yake. Alipopita mbele ya karakana, Mikaeli alivua miwani yake myeusi akasimama.

"Shikamoo, mzee Hemedi."

"Marahaba. Umeme upo leo?"

"Umerudi sasa hivi, ndiyo maana unaniona nakimbizana nao. Gari umeliacha wapi? Ile kazi iko tayari, imebaki kuifunga tu."

"Kazi gani?"

Mikaeli alicheka kidogo, akidhani mzee anamtania. "Kazi aliyoileta mama. Ile ya kuweka kishikio cha trela mbele ya gari."

Hemedi hakuwa na shingo ya kugeuka, kwa hiyo aligeuka mwili mzima, kama mtu anayegeuza kabati, ili akione kile alichoonyeshwa. Chini ukutani paliegemezwa bamba pana la chuma lililochomelewa bomba nene la mraba katikati. Kando yake palilala mkono wa chuma wa kuchomeka ndani ya bomba lile, na kwenye ncha ya mkono palikuwa na tufe, lile ambalo mdomo wa trela hulikalia. Kilikuwa kitu kizuri, kimesuguliwa na kupakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu.

"Alikuja lini?" Hemedi akauliza.

"Kabla korosho hazijaanza kuanguka. Alileta kamba aliyoifunga fundo, ndiyo kipimo cha kutoka ardhini hadi kwenye mdomo wa trela. Akasema mkono uwe mrefu, gari lisiingie sana majini. Nikamwambia, mama, umefikiria yote. Akasema ameyafikiria muda mrefu." Mikaeli alifuta jasho kwa kiwiko. "Siku ile alikaa sana hapo kwenye benchi. Alikuwa anahema. Nilimletea maji."

Hemedi alirudi Madimba bila kununua ule mpira.

Shingo yake iliumia mwaka tisini na moja, wakati alipokuwa mpakiaji bandarini Mtwara. Magunia ya korosho yaliyokuwa yananing'inia kwenye kreni yalichomoka, moja likampiga kati ya bega na kichwa. Hakufa, na mkono uliokuwa umekufa ganzi ulirudi baada ya miezi, lakini shingo ilikauka. Tangu hapo aliutazama ulimwengu wa mbele tu. Alipoachishwa kazi alichukua mafao yake, na mradi fulani wa barabara ulipofunga ofisi na kunadi mali zake, akanunua pikapu ya Landrova iliyochoka, boti ya faiba, na trela la kuibebea. Watu walimcheka. Mtu asiyeweza kutazama nyuma ananunua trela, kitu ambacho kazi yake nusu nzima ni kurudi nyuma.

Hawakumhesabu Zawadi, mkewe.

Diko lao, mahali pa kushushia boti, lilikuwa Chihemba, ndani ya mikoko, karibu na pale mto Ruvuma unapoachana na ardhi. Njia ya kushukia majini ilikuwa tuta jembamba la mawe na makombe, tope huku na tope huku, na gurudumu likichepuka kidogo tu mnalala hapo mpaka maji yajae tena. Boti haikuweza kuachwa pale. Ya mwenzao mmoja iliachwa, ikaondoka na maji ya usiku hadi ng'ambo na haikurudi. Kwa hiyo kila safari ilianza kwa Hemedi kurudi nyuma na trela juu ya tuta lile, na Zawadi kutangulia majini, kanga imekunjwa hadi magotini, akimwelekeza kwa sauti.

"Njoo. Njoo. Kata kulia kidogo. Hapo hapo, nyoosha. Njoo tena."

Hemedi hakuona kitu. Boti iliziba kioo cha nyuma, kioo kimoja cha pembeni kilikuwa kimeng'oka zamani, na kile kilichobaki kilimwonyesha gurudumu la trela na kipande cha anga. Alishika usukani akasikiliza. Sauti ya Zawadi ilikuwa nyembamba kidogo, yenye kupanda mwishoni, na katika sauti hiyo Hemedi alijua kama tope limelainika, kama maji yanajaa au yanatoka, hata kama mkewe ameamka na furaha. Hivyo ndivyo walivyofanya kazi miaka yote ile. Waliwavusha wakulima wenye mashamba ya mpunga kwenye visiwa vya mtoni, wakavusha chumvi, wagonjwa, mbuzi wa harusi, na mara moja bibi harusi mwenyewe aliyetapika njia nzima.

Siku ile aliporudi kutoka kwa fundi alimkuta barazani, anamenya ming'oko iliyochemshwa, vile viazi vya porini. Hemedi alikaa kwenye mkeka, akajipanga kumwelekea.

"Mama Saidi, umekwenda kwa fundi."

"Nimekwenda."

"Bila kuniambia."

"Ningekuambia ungekataa."

"Nimewahi kukulalamikia? Nimewahi kusema nimechoka kuelekezwa na wewe?"

"Hujasema," Zawadi alijibu. "Mimi ndiye niliyechoka."

Neno hilo lilimwingia Hemedi vibaya. Alidhani anaambiwa kitu ambacho wake wengine huwaambia waume zao na ambacho yeye hajawahi kuambiwa. Zawadi aliona uso wake ulivyobadilika, akaweka kisu chini, akavuta kanga juu kidogo, akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki pale pale, kama kwenye udongo uliolowa.

"Nimekwenda hospitali mara mbili," alisema. "Si kwa dada Mwajuma, kama nilivyokuaga. Daktari anasema moyo wangu umekuwa mkubwa. Nikamwambia mimi tangu zamani nina moyo mkubwa, muulize mume wangu."

Hemedi hakucheka.

"Kuna dawa?"

"Nakunywa. Zinapunguza maji mwilini. Haziponyi, baba Saidi. Nilimuuliza vizuri, naye akanijibu vizuri."

"Basi nitatafuta mtu wa kunielekeza. Wewe utapumzika."

"Utampata nani? Vijana wanakuja msimu wa mpunga, wakishapata chao wanakwenda zao mjini. Mimi nataka kitu ambacho hakiondoki."

"Hapana," Hemedi alisema. "Gari langu silitoboi."

Akasimama, akaenda kukagua mikorosho ambayo haikuhitaji kukaguliwa. Kilichomkera hakikuwa kutoboa gari. Alielewa vizuri kabisa kazi ya chuma kile. Kilikuwa kimetengenezwa kwa ajili ya siku ambayo yeye hakutaka kuitaja, na aliona kwamba kisipofungwa, siku hiyo haitakuwa na mahali pa kushika.

Basi wakaendelea kama zamani. Hemedi alimtafuta kijana wa kumsaidia kusukuma boti, lakini kuelekeza gari Zawadi alikataa kumwachia mtu; alisema kama ni kwa nyuma, basi ni yeye. Naye Hemedi, kusema kweli, alifarijika. Kila aliposikia "njoo, njoo," alijiambia kuwa hospitali huwa zinakosea.

Mwezi wa kumi na moja, asubuhi moja yenye jua kali, alikuwa katikati ya tuta la Chihemba akirudi nyuma taratibu. Zawadi alisema "njoo." Akasema "kata kushoto." Kisha hakusema kitu.

Hemedi alikanyaga breki. Alisubiri. Kulikuwa na mlio wa injini tu, na kaa wa mikoko wakigonga magando yao topeni. "Mama Saidi," aliita. Alijaribu kugeuza kichwa, akasikia maumivu yakimshuka hadi mgongoni, akafungua mlango akateremka huku akiteleza kwenye mawe.

Alimkuta ameketi majini hadi kiunoni, ameshika mzizi wa mkoko kwa mikono yote miwili. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Gurudumu la trela lilikuwa limesimama karibu sana na miguu yake, karibu mno.

Zawadi alimtazama. Ilimchukua muda kupata pumzi.

"Sauti imekataa kutoka," alisema, kama anayeomba radhi.

Kesho yake Hemedi alilipeleka gari Rahaleo. Zawadi alikwenda naye, akakaa kwenye benchi ileile, na Mikaeli, ambaye sasa alishaelewa alichokuwa amekitibua, alifanya kazi bila maneno mengi. Alitoa bampa kwanza. Kisha alichukua nyundo ndogo akaanza kugonga chesisi kutoka upande mmoja hadi mwingine, akisikiliza. Upande wa kulia chuma kilijibu kwa mlio safi. Upande wa kushoto, karibu na ncha, mlio ulikuwa wa kitu kilichooza.

"Chumvi imekula hapa," alisema. "Nikifunga juu ya hiki, siku ya kwanza ukisukuma boti kinararuka kama boksi. Lazima nikikate niweke chuma kipya."

"Kikate," Zawadi alisema kutoka kwenye benchi.

Umeme ulikatika kabla ya adhuhuri, Mikaeli akiwa ameunganisha nusu tu. Wakakaa wakasubiri. Mjini Mtwara miaka ile umeme ulikuwa mgeni. Hukaa akipenda na kuondoka bila kuaga. Esta, mke wa Mikaeli, alileta chai na mihogo ya kukaanga, akamtandikia Zawadi kanga alale kidogo, lakini Zawadi alisema akilala ndiyo pumzi inambana, afadhali akae. Hemedi alizunguka gari lake. Bila bampa lilikuwa na sura ya mtu aliyeng'olewa meno.

Umeme uliporudi Mikaeli alimaliza kuchomelea, akasugua, kisha akatoboa matundu kwa drili. Alieleza kwamba hatategemea kuchomelea peke yake; bamba litafungwa kwa bolti nene, na ndani ya chesisi, kila bolti inapopita, ataweka kipande kidogo cha bomba ili chesisi isibonyee nati zikikazwa. Akalishusha bamba kidogo lisizibe upepo wa rejeta.

"Mzee, nishikie hapa. Inua. Inua kidogo tena."

Hemedi alipiga magoti, akalibeba bamba kwa mikono miwili juu ya kifua, akilikandamiza kwenye chesisi huku Mikaeli akipitisha bolti. Lilikuwa zito. Alihisi ubaridi wake ukipenya shati, na wazo likamjia asilolitaka, kwamba hivi ndivyo mtu anavyoshika ubao wa mwanandani, akingoja aliye chini kaburini aseme sawa. Alifumba macho. Kope zake zilikuwa zimelowa na hakuwa na mkono wa kuzifuta.

"Fundo liko hapa," Zawadi alisema. Alikuwa amesimama na kuja kupima kwa kamba yake. "Tufe liko juu kidogo."

"Trela likikaa litashuka, mama. Springi za mbele zitalala."

"Haya."

Jioni ya siku ile walirudi nyumbani na pua mpya mbele ya gari, na watoto wa kijiji cha Ziwani waliokuwa wanauza mabibo barabarani wakaliashiria.

Siku ya kujaribu, walifika Chihemba maji yakijaa. Juu ya tuta palikuwa na uwanja mdogo wa kugeuzia. Hemedi alilitua trela, akaweka mawe kwenye magurudumu yake, akaligeuza gari, akalijia trela kwa mbele, taratibu, akiliona. Hilo peke yake lilikuwa jambo geni. Akachomeka mkono, akapitisha pini, akaukalisha mdomo wa trela juu ya tufe. Zawadi alikuwa ametangulia majini.

"Huna haja ya kuingia," Hemedi alimwambia. "Naona sasa."

"Nataka nione kama umejua."

Akaanza kusukuma. Trela linalosukumwa kwa mbele lina ukaidi wake. Ukikata usukani kidogo, linakata zaidi, na mara ya kwanza almanusura alitumbukize topeni. Akarudi, akalinyoosha, akaanza tena. Ndipo alipoinua macho akamwona mkewe.

Alikuwa amesimama pembeni ya njia ya boti, maji yamefika magotini, jua likimwangaza usoni. Mkono mmoja ulikuwa hewani, ukimwita, kiganja kikifunga na kufungua. Mkono wa pili ulikuwa umekandamiza kifua. Kila alipotaka kusema "njoo" alikusanya pumzi kwanza, mabega yakapanda, mishipa ya shingo ikasimama, kisha neno likatoka jepesi, lenye kupanda mwishoni, kama lilivyotoka siku zote. Mifupa ya shingo yake ilikuwa imechomoza. Kanga aliyoikunja ilimzunguka kiuno mara nyingi kuliko zamani.

Nyumbani Hemedi alimwona kila siku, lakini nyumbani Zawadi alikaa, akaegemea, akajifunika kanga, akawasha moto huku amempa mgongo. Hapa alikuwa kwenye mwanga, hana pa kujificha. Miaka yote ile Hemedi alikuwa amesikia sauti tu, na sauti haikuwa imekonda.

Gari lilizimika. Mguu wake ulikuwa umetoka kwenye klachi bila yeye kujua.

"Nini tena?" Zawadi aliita. "Ulikuwa unakuja vizuri."

Hemedi aliwasha gari, akasukuma mpaka boti ikainuka na kuelea, akavuta breki, akateremka akaingia majini na viatu vyake, akamshika mkewe kiunoni akamtoa.

Walipokuwa wanarudi, alimuuliza.

"Siku zote ulikuwa unasimama vile?"

"Vile vipi?"

"Umeshika kifua."

Zawadi alitazama barabara. "Si siku zote," alisema. "Tangu mwaka juzi."

Baada ya hapo alikuja mara chache, akikaa ndani ya gari kiti cha abiria, hashuki. Alipenda kutazama boti inavyotangulia mbele yao kuingia majini. Mvua zilipoanza kukaza hakuweza tena hata hilo. Saidi, mtoto wao wa pekee, alikuja kutoka Kilwa alikokuwa akifanya kazi kwenye ghala la samaki, akakaa wiki mbili, akaondoka, akaitwa tena, akaondoka tena. Mwajuma, dada yake Zawadi, alihamia kabisa. Zawadi alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, na Hemedi akalala chini kando ya kitanda, uso ameuelekeza juu kwa sababu shingo haikumruhusu upande mwingine, akisikiliza pumzi zile kama zamani alivyosikiliza "njoo, njoo."

Mwezi wa nne, siku ambayo mvua ilikuwa imepumzika, walikuja watu wa Msimbati. Mto ulikuwa umefura na ndugu zao walikuwa kisiwani shambani, maji yanawajia. Hemedi alisema hawezi, mgonjwa wake si mzuri. Zawadi alisikia kutoka ndani, akamwita.

"Nenda."

"Siendi popote."

"Nenda, baba Saidi. Sasa si unaweza mwenyewe? Kile chuma tulikifunga cha nini?"

Alikwenda. Alifika Chihemba, akaligeuza gari, akachomeka mkono, akasukuma boti majini bila kumwita mtu, akavuka, akarudi na watu na kuku wao na magodoro yaliyolowa. Kazi yote ilikwenda vizuri. Hakuna kilichokwama, hakuna kilichomchelewesha. Jua lilikuwa halijafika utosini alipokata kona ya kuingia kwake, akaona viatu vingi mlangoni, na wanaume wamesimama chini ya mkorosho bila kuzungumza.

Alikuwa amefariki muda mfupi baada ya yeye kuondoka.

Walimzika alasiri ileile. Saidi alifika kesho yake, akaukuta udongo bado mbichi. Hemedi aliwapokea watu, akaitikia dua, akala alichowekewa. Matanga yalipoisha na mikeka ikakunjwa, alichukua spana yake kubwa, akaenda kwenye gari, akalala chini mbele yake, akaanza kufungua bolti. Alizivuta kwa nguvu zake zote. Mikaeli alikuwa amezikaza kweli, na hazikusogea hata moja. Aliendelea mpaka ngozi ya vidole ikachubuka, kisha akabaki amelala hapo, spana kifuani.

Mwajuma alikuja akachuchumaa karibu naye.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Natoa uchafu huu."

"Umekukosea nini?"

"Ungekuwa haupo ningekuwa nyumbani," Hemedi alisema. "Ningemwambia siwezi kwenda, sina wa kunielekeza, na ingekuwa kweli. Ningekuwa naye. Yeye ndiye aliyeuagiza, yeye ndiye aliyenituma, na mimi nikaenda kama mjinga kuvusha kuku."

Mwajuma alikuwa mwanamke wa maneno machache kuliko marehemu.

"Nikuambie alichosema?" aliuliza. "Ulipokuwa unawasha gari nilimwambia, dada, kwa nini unamwachia aende, unaona hali yako. Akasema, mwache. Tangu tufunge kile chuma ananitazama sana. Hajawahi kunitazama vile. Akikaa hapa atanitazama mpaka mwisho, na hiyo ndiyo picha atakayobaki nayo."

"Alijua basi."

"Sijui kama alijua ni siku ile. Alisikiliza gari mpaka lilipokwisha kusikika. Halafu akaniomba maji."

Hemedi alilia pale chini, kifudifudi sasa, uso kwenye mchanga, na Mwajuma hakumbembeleza wala hakuondoka.

Boti ilikaa chini ya mikorosho hadi mpunga ulipoiva. Wakulima walikuja mmoja mmoja, wakakaa barazani, wakazungumza habari nyingine, wakaondoka bila kuuliza. Walimwonea haya. Mwishowe ni yeye aliyewaambia, siku ya Ijumaa baada ya sala, kwamba kesho maji yatakuwa mazuri na wenye mavuno ng'ambo waje Chihemba.

Walikuja wengi, na miundu na magunia matupu. Hemedi alifanya kila kitu peke yake. Aliligeuza gari, akafunga trela mbele, akasukuma kwenye tuta lile jembamba bila kuchepuka hata kidogo, na boti ikaelea. Ilikuwa kazi nyepesi, nyepesi kuliko ilivyowahi kuwa. Maji yalikuwa matupu mbele yake, upande wa kulia na wa kushoto, na aliyaona yote.

Aliteremka akaishika boti kwa kamba. Watu walikuwa bado wamesimama ukingoni na miundu yao. Hakuelewa wanangoja nini. Kisha akaelewa. Kila mwaka, boti ikishatulia, Zawadi ndiye aliyewaita, akiwapanga nani akae mbele na nani nyuma, na miguu yao ilikuwa imezoea kungoja sauti ile. Wao wenyewe labda hawakujua wanangoja nini.

"Pandeni," Hemedi alisema.

Neno lilitoka chini sana, na wale wa nyuma hawakusikia. Ilimbidi aseme tena.

Aliifanya kazi ile hadi mwaka elfu mbili na sita, macho yalipoanza kupata ukungu, akaiuza boti na trela lake kwa watu wa Mikindani. Gari alibaki nalo kwa kubebea korosho. Hakuoa tena, ingawa walimletea mashauri. Saidi amemwita mara nyingi akaishi naye Kilwa, na kila mara yeye husema atafikiri. Wanaomuuliza kama hajioni mpweke pale Madimba huwaambia kwamba mikorosho ina kazi nyingi, kisha huwauliza habari za kwao.